Mizani ya Mama Ndeonasia

Aliyepiga simu alisema kuna kitu kinazunguka juu ya Pasua,
kinalia kama nyigu aliyefungiwa kopo.
Tukaenda watu watano, bunduki mbili.
Tukamkuta Kundaeli, fundi mstaafu wa mashine ya kukobolea kahawa,
kasimama kwenye mabua ya mahindi,
shingo juu, mdomo wazi, rimoti kifuani,
kama mtu anayepokea komunyo.

Ndege yenyewe ni povu gumu la boksi la friji,
mbawa zimeshikwa kwa gundi na mpira wa baiskeli,
mkiani kaandika jina la mjukuu: Aikande.

Mkuu wetu akauliza swali la kwenye waraka:
"Hiki kinaweza kubeba bomu?"
Kundaeli akajikuna kidevu. "Kinabeba parachichi, afande.
Moja. Tena liwe dogo,
na upepo wa mlimani uwe umelala."

Hatukumwamini. Tukakipeleka sokoni Mbuyuni,
tukakilaza kwenye mizani ya Mama Ndeonasia, muuza maharage.
Mshale ukasogea kidogo, ukaona haya, ukasimama.
"Hata kilo haijafika," akasema. "Na mmekuja watano?"
Soko likacheka. Pembeni akapita kijana na baiskeli,
mikungu mitatu ya ndizi,
hakuna aliyemuuliza chini ya majani kuna nini.

Mimi sikucheka.
Mwaka ambao siutaji niliokota viatu barabarani,
kimoja kimoja, nikavipanga jozi,
na jozi hazikutimia.
Tangu hapo sikio langu halichagui:
nyigu, pikipiki, jenereta,
vyote vinaniuliza swali lile lile.
Hesabu naijua. Najua mwenye nia mbaya
hana subira ya kushinda miezi sita akipiga mbawa msasa.
Atapita mlangoni, anatabasamu, kavaa viatu.
Najua.
Ila woga ukiuweka mizanini, mshale haurudi.

Sasa ndege iko stoo, kielelezo namba tisa,
kati ya madumu ya gongo na betri za wizi.
Kila Jumamosi Kundaeli huja na mjukuu wake kuulizia.
Namwambia jalada bado liko juu.
"Juu wapi?" mtoto akauliza wiki iliyopita,
akitazama dari.

Jana usiku, zamu yangu, niliifuta vumbi,
nikasukuma pangaboi lake kwa kidole kimoja.
Likazunguka, jepesi,
muda mrefu kuliko nilivyodhani.