Bado, Bado, Bado

Nesi Tumwitike kanipa mrija wa kadibodi,
kasema: vuta, jaza kifua, haya puliza,
puliza, usiache, bado, bado, bado,
kama anashangilia mbio za magunia.

Nikacheka, nikakohoa.
Mimi, Kondo Mwarami,
miaka thelathini na moja nyuma ya tarumbeta,
niliyechukua maharusi Buguruni nikawafikisha Tandika
kwa wimbo mmoja,
leo nafundishwa kupuliza
na binti asiyewahi kushika hata filimbi.

Mashine ikachora mstari.
Ukapanda kidogo, ukalala.

Sukari naijua, tumezeeka pamoja.
Najua inapenda macho, figo, vidole vya miguu.
Pazi, mpiga ngoma wetu, ilimla kisigino kwa mwendo wa panya,
inang'ata inapuliza, inang'ata inapuliza,
alipoamka soksi imelowa.
Lakini pumzi? Pumzi haina ladha.
Nilidhani huko haina shughuli.

Daktari akageuza karatasi: pafu linavutika, mzee,
kama mpira wa manati.
Damu yenye sukari, mwaka juu ya mwaka, hukaza nyuzi zake.
Vumbi na moshi wa malori navyo vina fungu lao,
siwezi kukukatia kipi kimekula kiasi gani.
Nikasema: kwa hiyo ni kashata iliyopoa kwenye sinia.
Akasema si hivyo hasa.
Akafikiri.
Akaandika dawa.

Sikumwambia habari ya Jumamosi, Kigogo,
bi harusi yuko mlangoni, noti ikanikatikia kooni,
naye akaganda, kiatu kimoja hewani.
Shomvi, kijana niliyemfundisha mwenyewe,
akaidaka kabla haijagusa chini, akaimaliza.
Watu wakapiga vigelegele, wakadhani tumepanga.
Nami nikainama, nikajifanya namwaga mate ya tarumbeta,
muda mrefu kuliko mate yenyewe.

Nimetoka Amana na bahasha kwapani.
Chai kavu, kutembea nusu saa, kurudi mwezi ujao.
Nimeanza na hiyo nusu saa, kuelekea Ilala Boma,
nasimama kila nguzo ya pili, najifanya nasoma matangazo ya waganga.

Ndipo pikapu ikapita na bendi ya watu nisiowajua,
harusi ya nani sijui,
tarumbeta la mbele likipanda, likipanda,
na mashavu yangu, wallahi, yakavimba yenyewe.
Kijana wa bodaboda akanitazama.
Nikayashikilia hivyo hivyo, sina chombo mdomoni,
bado,
bado,
mpaka wakakata kona.