Amejitungia Swali

Insha thelathini na mbili zimerauka alfajiri na mapema,
zote zimeamshwa na jogoo mmoja.
Zimekoga, zimestaftahi mayai mawili na soseji
(soseji, hapa Mbale, nyumba gani hiyo?),
zimemlaki shangazi aliyeshuka kwenye ndege.
Nimewafunza mimi. Ubaoni, kwa mkono huu:
utangulizi uvutie, methali tatu, tashbihi mbili,
hitimisho lirudi kwenye swali kama ng'ombe zizini.
Wamerudi wote, ng'ombe thelathini na wawili wa rangi moja.

Ya thelathini na tatu ni ya Kagehi.

Swali: tunga kisa kitakachothibitisha ukweli wa methali,
haba na haba hujaza kibaba.
Naye anaanza, bila jua, bila jogoo:
"Mama yangu hajawahi kukiona kibaba.
Yeye hujaza lori."

Kisha aya moja ndefu isiyopumua:
nyundo, kidole kilichofungwa kipande cha tyubu ya baiskeli,
mwamba uliopasuliwa ukawa mawe, mawe yakawa kokoto,
wiki tatu, tani saba.
Dereva anafika magharibi, anapanda juu ya kokoto,
anazikanyagakanyaga kwa viatu vyake vya mpira
mpaka zididimie kiganja kizima.
"Halijajaa, mama. Ongeza."
Anaongeza. Haba. Na haba.
Analipwa nusu; nusu nyingine ni kesho kutwa,
na kesho kutwa ina miezi minne sasa.
"Methali haikutuambia," anamalizia Kagehi,
"nani amekishika kibaba."

Kalamu nyekundu ikasimama.

Mwongozo wa usahihishaji haukusimama:
*mtahiniwa anayepinga methali amejitungia swali.
Atuzwe D, alama mbili.*
Nikaandika 02. Nikaizungushia duara.
Duara likatoka kama sahani ya mtu aliyekwisha kula.

Siku ya pili, saa nane, Kidato cha Nne Mashariki,
somo ni uhakiki. Taja mbinu, toa mfano, eleza.
Taja, toa, eleza: wanaliimba hata usingizini.
Wanachambua shairi kama wachambuavyo maharagwe,
ila wao hutupa maharagwe
na kuniletea mawe, yamepangwa vizuri, yana nambari.

"Kagehi," nikasema, "jiwe hupasuliwaje?"

Akadhani ni adhabu. Akaijibu sakafu:
"Huligongi tu, Mwalimu. Unaligeuza kwanza.
Kila jiwe lina mshipa.
Ukigonga pasipo na mshipa, linakurudishia nyundo yako."

Mtu wa nyuma akacheka, kisha akaacha.
Nilitaka kusema jambo kubwa hapo,
nilikwisha kohoa,
lakini mvua ya Maragoli haina adabu:
ikaangukia mabati yote kwa pamoja
na mdomo wangu ukabaki ukifunguka kama wa samaki.
Nikachukua chaki. Nikaandika:
GEUZA KWANZA.
Wakanakili. Wanakili kila kitu, hata kikohozi.
Endeki akanyosha mkono, akapaza sauti juu ya mvua:
"Hiyo ni ya alama ngapi?"

Mbili, nikamwonyesha kwa vidole.
Vidole vikaona haya kabla yangu.

Jioni nikamwita ofisini. Karatasi yake mezani,
duara likitutazama sote.
Nikamwambia ukweli wa mshahara wangu:
Novemba, mpe mtahini jogoo wake.
Mwamshe mapema, mlishe soseji,
mpokelee na shangazi yule.
Lakini mahali fulani, aya ya nne, aya ya tano,
akiwa ameshasinzia,
weka nyundo. Hata moja.

Akaikunja insha mara mbili, mara nne,
mpaka ikawa ndogo kama kokoto,
akaitia katika mfuko wa sketi.
Alipofika mlangoni akaniuliza, bila kugeuka,
lori alipeleke wapi.