Mapazia ya Ghorofa ya Nne

Kayseri. Theluji imeshuka toka mlimani hadi kwenye roshani zetu.
Juu ya kichwa changu, ghorofa ya nne,
Nebahat anaiegemeza simu kwenye kopo la sukari,
anakunja manti,
vifurushi vya unga na nyama, vidogo mno
hata arobaini hukaa katika kijiko kimoja:
ndivyo mama zetu walivyompima mkamwana.
Uso hauonyeshi. Mikono tu,
pete iliyombana, kovu la birika,
na sauti ya chini, kama anayebembeleza kitu kilale.

Watu elfu tisini wanaitazama mikono ile.

Hana kazi huyu. Anajishaua.
Mume kamfungia jikoni, naye anaipamba kufuli.
Huyu ndiye mke, si nyinyi wa maofisini.
Nyumba safi hivi, watoto wanachezea wapi?
Ya ndani yaanikwaje nje?
Oneni kikombe kwenye sinki, kikombe kichafu!
Mwanamume mmoja wa Izmir aliisimamisha picha,
akahesabu manti kijikoni, akapata thelathini na saba,
akaandika: Mwongo.

Kwenye ngazi za jengo letu ni yaleyale,
ila kwa tabasamu. Bi Müzeyyen wa ghorofa ya pili
humwita "malkia wa sufuria" akishapita,
kisha Ijumaa hubisha hodi kuuliza
mtindi autie vitunguu saumu vingapi.

Nami nisijitoe.
Nilishona mito ya makochi kiwandani miaka thelathini na mmoja,
mgongo ukapinda kama sindano niliyoshonea.
Nyumbani nilipika vilevile, nilideki vilevile,
na hakuna aliyenipa hata moyo mmoja mwekundu.
Basi usiku mmoja wa Februari, miguu ikiniwaka moto,
nikajibandika jina: Mpenda Haki.
Nikaandika: Mapazia yako yana uchafu, dada. Kamera haina haya.

Nikazima taa. Nikangoja raha ije.

Saa sita na robo mabomba yakaguna ukutani,
maji yakapanda kwake kwa kupitia kwangu.
Nikasikia ngazi ya chuma ikiburutwa,
vipete vya mapazia vikichomolewa kwenye fimbo
kimoja, kingine, kingine.
Kisha mashine yake kongwe, ile inayotembea ikifua,
mpaka taa ya dari yangu ikacheza.
Mtoto akalia. Mashine haikunyamaza.

Asubuhi mapazia yalikuwa kambani yameganda,
magumu kama milango.
Tukakutana ngazini. Macho yake mekundu,
mikononi bakuli lililofunikwa kitambaa.
"Shangazi Perihan," akasema, "mashine yangu
ilikunyima usingizi jana. Nisamehe."

Nikapokea. Ningefanyaje? Nikala nimesimama,
mlango nimeufunga kwa komeo.
Nikachota kijiko, nikahesabu.
Nikarudia, nikitafuta kosa.
Arobaini.

Jina lile sijalifuta.
Neno langu lipo palepale, chini ya mikono yake,
limepigiwa makofi na watu mia mbili na sita,
na wawili kati yao
hutumia ngazi hizi hizi,
hunisalimu.