Meno ya Mashine

Nimeyanoa mara mbili tangu alfajiri.
Yananyoa malaika ya mkono wangu
lakini barafu hayaiwezi,
yanaibembeleza tu,
yanaing'arisha kama kioo cha kinyozi,
na mota inalia, inalia,
bila kutema hata chenga.

Nyuma yangu Feri nzima ina neno.
"Kaza mkanda, fundi." Nimekaza.
"Tia grisi." Nimetia.
"Barafu ya leo ngumu, ya Kurasini hiyo."
Barafu, ndugu yangu, ni maji.

Bi Mwajabu hasemi.
Amefunika vibua vyake kwa gunia bichi,
anafukuza nzi kwa kipande cha boksi,
ananitazama kama mtu anayenidai.

Saa tatu. Jua limeshapanda mabati.
Nikazima. Nikakalia ndoo.
Ngoma ikaendelea kuzunguka peke yake, ikichoka,
na ndipo nikaona:
inakwenda kinyume.
Mgongo wa jino mbele,
makali yakifuata nyuma
kama mtoto anayeburutwa sokoni.

Jana usiku watu wa umeme walikuwa juu ya nguzo.
Waliporudisha nyaya,
mbili zilibadilishana nyumba.

Nikazirudisha kwao. Bisibisi moja, dakika nne.
Chenga zikaruka hadi kwenye kope zangu.

Bi Mwajabu akajaza beseni, akahesabu noti zilizolowa,
akasema, bila kucheka:
"Asubuhi nzima unanoa meno
ya mtu aliyekupa kisogo."