Tundu la Kumi

Dukani kwa Mama Ndetaramo, jirani na soko la Kilombero,
vipangio vya boksi spana viko vya namna tatu,
na mimi nina elfu arobaini
na mafuta ya giaboksi chini ya kucha.

Kwanza, trei ya plastiki. Nyekundu, nyepesi kama ahadi.
Kila tundu na namba yake, maandishi meupe, yanapendeza.
Naikunja kidogo kwa kidole gumba. Inalia.
"Dada, hiyo usiikunje."
Plastiki naijua. Plastiki na petroli hawaivi chungu kimoja,
na gerejini kwetu Unga Limited
petroli ndiyo maji ya kunawa.

Pili, ukanda wa sumaku.
Huu unashika. Unashika mpaka unakera.
Nikaiwaza droo yangu ya chini,
unga wa chuma utokao kwenye breki za magari ya watalii,
wote utaganda hapo, uote kama ndevu.
Nani atakuwa ananyoa sumaku kila Jumamosi?

Tatu, reli ya bati yenye vinundu vya springi.
Unaisukuma boksi, inaitika: tik.
Hiyo tik ndiyo iliyoniponza.
Nikabana, nikabandua, nikabana tena,
mpaka Mama akaacha kuhesabu chenji akanitazama
kama mtu anayetazama mtoto na swichi ya taa.

Fundi Eliringia, aliyenifundisha kazi,
boksi zake zote alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Ukitaka kumi na nne, unalimwaga kopo sakafuni,
unapiga magoti, unachambua kama mchele.
Alikuwa akisema: chuma hakiozi kwa kulala pamoja.
Ni kweli, hakiozi.
Kinapotea.

Na kinachopotea ni kumi.
Ishirini na saba ipo, sijaigusa tangu lile lori la saruji,
inang'aa kama bibi harusi asiyeposwa.
Kumi na tisa ipo. Hata thelathini na mbili, nzito, ya nini sijui, ipo.
Kumi nimeinunua mara saba.

Moja ilirudi yenyewe.
Landkruza ilikuwa imekwenda Serengeti wiki tatu;
nafungua boneti, naiona imejilaza kando ya betri,
vumbi jeupe limeijaa mdomoni.
Imeona simba. Imeona nyumbu wakivuka.
Mimi nina miaka kumi na mmoja natengeneza magari ya kwenda huko
na geti la hifadhi sijalipita.
Niliifuta kwa kitambaa, taratibu,
nikakaribia kuiuliza.

Basi nikachukua reli mbili, kwa thelathini na tano,
baada ya Mama kuapa kwa marehemu mumewe kwamba anapata hasara.
Za nusu inchi zikakaa.
Zile ndogo za robo inchi zikakataa, zinacheza kama meno ya babu,
hivyo nikampelekea seremala kipande cha mgrivea
akakitoboa, na namba nikazichoma mwenyewe
kwa msumari wa moto. Saba imepinda.
Iache ipinde.

Jioni ya kwanza nikavuta droo.
Zamani nilikuwa naona chuma, rundo la chuma;
sasa naona mstari, nane, tisa, halafu pengo,
halafu kumi na moja.
Pengo lile lilipiga kelele kuliko vyuma vyote.

"Loishiye!"
Kijana akashika mfuko wa ovaroli
kabla sijasema ni namba gani.
Akatoa tochi. Akatoa vocha. Akatoa karanga.
Nje, Landkruza ya safari ya alfajiri ilikuwa inaunguruma,
dereva ameshafunga mkanda, anafuta kioo chake cha pembeni.

Nikaenda, nikagonga boneti mara mbili kwa kiganja.
"Zima," nikamwambia. "Zima kwanza.
Kuna abiria hajalipa."