Dirisha Dogo

Januari, Mwanjelwa. Mvua imeng'ang'ania bati tangu saa tatu
na ukungu umeumeza Loleza mpaka kiunoni.
Wamejazana kibandani kwangu, ati wanajikinga,
lakini mvua ni kisingizio:
wamekuja kumzika mtu aliye hai.

Gwakisa kauzwa.

Magoli kumi na moja, ligi ndiyo kwanza imefika nusu,
na jana usiku wamempitisha dirisha dogo
kama gunia la viazi linalopandishwa lori la Dar.

"Viazi gani!" Lwitiko anavua helmeti,
maji yanamwagikia kitambaa cha watu.
"Viazi huvunwa vikikomaa. Huyu wamemng'oa na maua yake."

Sanga wa vipuri hainui macho kwenye chai.
"Mali huuzwa bei ikiwa juu.
Ngoja Juni avunjike goti, uone nani atakuja na pesa."

"Mbegu haiuzwi, Sanga! Mwaka ule wa njaa
mama yangu alilalia debe la mbegu,
sisi tumboni tukisikia panya."

"Na basi je? Basi la timu limezimika Igawa mara tatu.
Ulisukuma wewe? Walisukuma wachezaji,
wakafika uwanjani mapaja yamekufa,
wakapigwa nne."

Kimya.
Nne zile bado zinauma.

Asukenye, anayeuza magimbi hapo mlangoni,
ambaye hajakosa mechi tangu timu ivae kijani,
anasema bila kugeuka:
"Hata tulipomuuza yule beki tuliambiwa basi.
Mwaka wa pili huu. Linashonwa?"

Wanacheka, wananitazama mimi na cherehani yangu,
kisha wanarudi palepale.
Msaliti, anasema mmoja, Jumapili si alibusu nembo mbele yetu?
Mwingine: mama yake anapalilia mashamba ya watu Uyole,
ulishampelekea hata robo ya sukari,
wewe mwenye nembo?

Mimi sisemi. Nina pini mdomoni.
Pini humpa fundi ruhusa ya kunyamaza.

Alhamisi alikuja, mlango nimeshaurudisha nusu.
Kabeba koti lake zito, lile la kushukia mazoezini asubuhi.
"Fundi, huko joto. Mpunguzie mikono
yule dogo anayeokota mipira nyuma ya goli."
Nikamuuliza, umefurahi?
Akaangalia viatu.
"Wanasema benchi lao lina viti vizuri sana."
Akacheka peke yake,
kicheko kikaishia kwenye kola.

Hilo sikuwapa.
Wangeligawana kama magimbi, moto moto, na chumvi.

Juu ya kamba zinaning'inia jezi tisa, namba tisa,
herufi saba kila mgongo, mia tano kila herufi,
kitambaa nimekopa kwa Sanga huyuhuyu.
"Fumua," ananiambia, "weka jina la huyo anayekuja."
"Thubutu!" anasema Lwitiko.

Nashusha moja. Nachukua wembe.
G inatoka kwa shida, nilikuwa nimeikaza nikiwa na furaha.
W inaacha uzi.
A inabanduka yenyewe, kama iliyokwisha kuagwa.
Kwingine kijani kimepauka kwa jua la Septemba;
chini ya herufi bado kibichi,
hivyo hata zilizotoka
unaweza kuzisoma.

Mkono unasita.
Kilichobaki mgongoni, kwa uzi mweupe, ni KISA.

Hakuna anayesema. Mvua nayo inapunguza sauti,
pikipiki inapita ikirusha tope hadi kizingitini.

"Iache hivyohivyo," anasema Lwitiko. "Nipe mimi."

"Elfu kumi na tano."

"Fundi! Kwa herufi nne?"

Sanga anaweka kikombe chini, uso umemnawiri.
"Si nimesema? Bei ikiwa juu."
Asukenye sasa kageuka, anataka na yeye yake, ya mikono mirefu,
na mjadala unaanza upya, huyu hivi, yule vile,
nami natema pini kiganjani,
nashusha jezi ya pili.