Silabi Moja

Fomu ina visanduku viwili tu:
umeacha kazi,
au umefukuzwa.
Lorraine Kaczmarek hana pa kutia alama.

Ameketi jikoni, Toledo, Januari,
simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari,
theluji imeziba nusu ya dirisha,
paka ameilalia bahasha ya benki.
Saa tatu na robo, walisema, afisa wa rufaa atapiga.
Saa tatu na robo imeshapita.

Miaka kumi na tisa ya ankara za madaktari wa meno:
meno ya watu asiowajua,
madeni yao akiyapanga kwa alfabeti.
Kisha Alhamisi moja Bwana Haverkamp akafunga mlango
taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa,
akasukuma karatasi juu ya meza.
Barua ilishaandikwa. Jina lake lilishachapwa.
"Kwa hiari yangu mwenyewe," ilisema barua;
kilichobaki ni wino.
"Ukitia sahihi, tutakusemea vizuri uendako.
Usipotia, saa sita barua itakuwa nyingine."
Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.
Akamwazima kalamu.

Hiari yashinda utumwa, twasema.
Sawa. Lakini hiari ya kuazimwa,
iliyopigwa chapa na mtu mwingine,
yenye dakika ishirini za kuishi?

Katika lugha yangu, Lorraine, ningekuandikia hivi:
niliacha.
Niliachishwa.
Silabi moja imezidi, imejibana
kama mwiba wa samaki kooni,
na ndani yake mna kodi ya nyumba,
dawa ya presha, gesi ya kukupasha hadi Machi.
Serikali inataka uiteme waione.

Simu inalia. Sauti ya mwanamke mwenye mafua
inamwapisha, inasoma namba ya jalada.
Haverkamp naye yumo kwenye laini; anasikika akipumua.
"Sahihi hii ni yako?"
"Ni yangu."
"Kuna aliyekushika mkono?"
"Hapana."
Paka anashuka mezani.

"Baada ya kutia sahihi ulifanya nini?"
"Nilitia vitu vyangu kwenye boksi."
"Boksi ulilitoa wapi?"

Hapo Lorraine anasita,
maana katika usiku wote aliokesha akijitetea kwa dari
hili hakuwahi kulifikiria.
"Nililikuta juu ya dawati langu," anasema polepole.
"Limeshakunjuliwa. Chini limeshapigwa gundi.
Mlinzi amesimama kando yake."
"Lilikuwepo kabla hujatia sahihi?"

Haverkamp hasikiki tena akipumua.

Uamuzi utakuja kwa posta, siku kumi, pengine zaidi.
Lorraine anapapasa mkobani, anatoa kalamu
aandike tarehe kwenye kalenda,
ndipo anaona, ubavuni, jina la kampuni.
Ile ile. Hakuirudisha.
Anaijaribu ukingoni mwa bahasha ya benki.
Bado ina wino.